Barua ya Utambulisho

Mwaka wa kumi na moja huu nikiwa karani wa mtaa, Igogo,
na kazi yangu yote ni sentensi moja:
*Namtambua mtajwa hapo juu kuwa ni mkazi wa mtaa huu.*
Chini yake tarehe, sahihi ya mtendaji (leo hayupo)
na muhuri uliolika ubavuni,
MWANZA imebaki ANZA.

Asubuhi redio ya Twaha, fundi cherehani wa jirani,
ilitupenyezea dirishani habari
kwamba nchi tatu zilizokuwa zikikohoa miaka yote
zimesafisha koo hatimaye, zimesema:
Palestina ni dola.
Foleni ikasahau ilichokuja kufanya.

"Makofi ya nini?" Magesa, amefuata barua ya mkopo wa pikipiki.
"Unamtambua mtu paa likiwa limeshamwangukia?
Hiyo si barua ya utambulisho. Ni taarifa ya msiba."

"Hata taarifa ya msiba," Twaha akajibu, pini mdomoni,
"hutaja jina. Kuna wanaozikwa bila hilo."

Mchungaji Lugembe, wa tatu kwenye mstari, bahasha ya kaki kwapani,
alisema dola haizaliwi kwa kunyooshewa mikono na watu wa mbali.
Alisema na upande wa pili wapo mama
wanaotenga sahani ya mtoto asiyerudi,
nao hakuna aliyewataja humu.
Alisema kweli. Hatukuwa tumewataja.
Kimya kikakaa katikati yetu kama mgeni
asiyejua akae benchi lipi.

"Sisi tuliwatambua zamani," Twaha akasema, sasa taratibu.
"Niko darasa la nne, mwalimu akatuchoresha bendera yao.
Kijani ikaniishia.
Nikamalizia kwa kusugua jani la kunde."
Akatazama kidole chake cha shahada,
kana kwamba rangi bado ipo.
"Na bado," akasema. Hakumalizia.

Mimi nilikuwa nagonga. Gonga, pumulia wino, gonga.

Limi Nkwabi akainuka kutoka kizingitini.
Anakaa juu kabisa, nyumba zilipopakatwa na majabali,
ambako mlango ukifunguliwa ziwa lote linaingia machoni
na ndoo moja ya maji hupanda kwa kichwa, ngazi mia mbili na kitu.

"Wanangu watano nimewazalia juu ya lile jiwe.
Wa kwanza amezaliwa karani huyu hajajua kuandika.
Je, nilikuwa sipo?"

"Ulikuwepo, mama," akasema Magesa.

"Mtu wa maji alipanda. Aliona kamba yangu ya nguo.
Aliona mafiga. Alikunywa uji wangu, akaomba wa pili.
Akashuka akaandika: *eneo halijapimwa, hakuna mkazi.*
Sisemi jiwe langu ni Gaza.
Mimi sijalala nikihesabu ndege za vita.
Nasema neno hilo moja mnalolibishania, nalijua ladha yake.
Karatasi haikunizaa.
Lakini aliyenayo akinyimwa ana pa kulalamikia,
na asiyekuwa nayo
hata kunyimwa hakuandikwi popote."

Hakuna aliyejibu. Redio ilishahamia bei ya pamba.

Mchungaji akarudi nyuma hatua moja, bahasha ikamponyoka,
hakuiokota kwanza.
"Anza wewe, mama," akasema.

Nikaandika jina lake kwa herufi kubwa, polepole,
nikauliza la babake ingawa nalijua,
nikakandamiza muhuri kwa viganja viwili
hadi meza ikalia.
Alipokea karatasi kwa ncha za vidole, wino usichafuke,
akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele,
kama anayetafuta bomba.

"Na maji?"

Dirishani nyuma yangu ziwa lilikuwa limetulia,
jingi, halina habari na mtu.

"Hayo," nikasema,
"ni dirisha jingine."